Sahani ya Asumini

Bi Saumu alizikwa alasiri, nami basi langu lilichelewa njiani kutoka Mackinnon Road, kwa hiyo nilipofika Diani kaburi lilikuwa limekwisha mwagiwa maji na watu wamerudi kukaa matanga. Njiani sikulia. Nililia nilipoingia jikoni kwake, kwa sababu mlango ule ni mfupi, na mwili wangu ulikuwa haujausahau. Niliinama kabla ya kuuona. Wanawake waliokuwa ndani wengi hawakunijua. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Wewe ni nani wake marehemu, dada?" Si mwanawe, si mkwe wake, wala si jamaa. Nililala chumbani mwake mwaka mmoja nikala kwa mkono wake, basi. Nikasema, "Mimi ni Mejumaa. Nilikuwa saisi, nikitunza farasi hapo nyuma." Akageuka akatazama hapo nyuma, ambapo siku hizi pana nyumba za wageni na bwawa la kuogelea, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Nadhani aliona msiba umenichanganya akili.

Habari za kwetu na jinsi nilivyoipata kazi ile nitaziruka, hazina ladha. Itoshe kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkaidi, mwenye miguu mirefu na ulimi mrefu zaidi, na kwamba Bwana Salim, mwenye farasi, alinichukua kwa sababu vijana wa kiume aliowaajiri kabla yangu walikuwa wakiwapiga wanyama. Alikuwa na farasi wachache wa kupandisha watalii ufukweni asubuhi na kupandisha mabwana harusi jioni. Nyumba ya Bi Saumu iliegemea ua wa mabanda yale, kiasi kwamba mlango wa jikoni kwake na mlango wa banda la kwanza ilitazamana kama majirani wasioelewana. Yeye ndiye aliyetupikia wafanyakazi, na ndiye aliyenipa kitanda. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku moja, dirisha moja dogo, na pembeni mtungi wa maji uliozikwa nusu katika mchanga uliolowa. Asubuhi harufu ya iliki kutoka jikoni na harufu ya farasi kutoka uani zilikutana juu ya kitanda changu. Mpaka leo nikizisikia pamoja huwa na njaa, hata kama nimeshiba.

Bi Saumu alikuwa mpishi wa vitamu. Harusi ya maana kuanzia Ukunda mpaka Msambweni haikufanyika bila kaimati zake na visheti vyake, na watu walisema kaimati ya Bi Saumu ukiiuma shira inakuitikia. Mwanamke mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, mzito wa kusamehe. Siku ile ya kwanza niliyohamia kwake alifunga mlango, akaingiza mkono mtungini, akatoa gudulia dogo la kioo lililofungwa vizuri, na ndani yake kichupa cha dawa, insulini, isiyotaka joto. "Ukikiona hiki, hujakiona," akaniambia. "Nina sukari, mwanangu. Najidunga. Asiyejua ni mtaa mzima, na mtaa mzima ubaki hivyo hivyo. Nani atampa sufuria ya harusi mpishi asiyeweza kuonja shira yake?" Kisha akajidunga tumboni, akashusha kanga, akaniuliza kama nala samaki wa nazi au wa kupaka. Nikasema wa kupaka. Basi urafiki wetu ulianzia hapo, na ile siri nikaibeba kama mtu anavyobeba funguo za nyumba si yake.

Katika farasi wale, wa moyo wangu alikuwa Asumini. Jike la rangi ya hudhurungi lenye kipaji cheupe usoni, mpole hata watoto walipita chini ya tumbo lake. Mabwana harusi walimtaka yeye, kwa kuwa hakushtushwa na ngoma wala matarumbeta. Na kulikuwa na desturi, sijui aliianza nani, kwamba nyumba ya harusi hailishi watu ikamsahau farasi aliyemleta bwana harusi. Ilikuja sahani yake: ndizi, tende, kipande cha muwa wa Ramisi, wakati mwingine mkate wa sinia. Alinenepa. Juu ya shingo yake ukaota ukingo wa mafuta mgumu kama nundu, na watu wakapita wakisema, "Mashallah, kanawiri." Kwetu pwani mnyama mnene ni sifa ya anayemtunza, nami sifa zile nilizipokea zote, sikubakisha.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa pupa. Majani yakaota hata penye mawe, tukawaachia farasi malishoni kutwa, na hori la jioni likawa na pumba za mahindi zilizochanganywa na molasi. Asubuhi moja nikamkuta Asumini amesimama kwa namna ya ajabu: miguu ya mbele kaitanguliza, uzito wote kaurudisha nyuma, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto asitake kuliegemea. Nilipomvuta hakutaka. Nikashika kwato, zilikuwa na joto, na mshipa juu ya kwato ukipiga kwa nguvu chini ya kidole changu. Bwana Salim akaja akatazama. Aliwahi kuuona ugonjwa huo wa kwato kwa farasi wake mmoja wa zamani, naye aliishia kupigwa risasi, kwani farasi asiyeweza kusimama haponi kwa kulala. "Tumwite daktari," akasema. "Lakini Mejumaa, usijiwekee matumaini mengi."

Daktari alivuka feri kutoka Mombasa. Dakta Wairimu, mtu wa bara, mwembamba, mwenye maneno ya haraka na mikono ya taratibu. Alimgusa Asumini shingoni kabla hata hajatazama kwato. "Hii shingo si afya, ni mafuta," akasema. "Hii farasi inakula nini?" Bi Saumu, aliyekuwa kasimama mlangoni kwake na mwiko mkononi, akacheka chini chini akaninong'oneza, "Msikie, farasi kawa kiti." Lakini hakuondoka. Nikamtajia daktari kila kitu: majani, pumba, molasi, miwa, ndizi, sahani za harusi. Kila nilipoongeza neno, daktari akafunga macho. Akatoa kile kipimo kidogo cha sukari wanachotumia watu, akamchoma Asumini, akaweka tone la damu. Tukangoja. "Sukari yake iko sawa," akasema. "Si mbaya hata."

Bi Saumu akavuta pumzi mlangoni. Yeye kipimo kile alikijua kuliko sisi sote. "Basi hana sukari," akasema.

"Hana kama ya watu, Mama. Yake ni ya insulini. Mwili umekuwa kiziwi. Sukari ikiingia, insulini inatumwa kuiondoa kwa damu; mwili hausikii, inatumwa ingine, na ingine. Sukari inashuka, ndio, lakini insulini imejaa."

"Kwa hiyo insulini anayo?"

"Anayo mob! Kushinda farasi wengine wote hapa."

"Subhanallah," akasema Bi Saumu polepole. "Wenzake tunanunua." Kisha akashtuka na ulimi wake mwenyewe, akageuka akaingia ndani kukoroga mchuzi. Daktari hakulishika neno lile. Mimi nililishika, nikaliona ni utani tu, nikaliachilia.

Wiki zilizofuata ndizo zilizonifanya mtu. Dakta Wairimu alitaka kujua kila chakula kinamfanyia Asumini nini, na mimi ndiye niliyemshikia kichwa. Kwanza tulimtuliza: nikamsimamisha kwenye ndoo za maji ya barafu niliyoomba kwa wachuuzi wa samaki, nikamweka juu ya mchanga mlaini uliorundikwa bandani, akapewa dawa ya maumivu. Alipotulia, tukaanza kupima. Asubuhi alitolewa damu akiwa hajala kitu ila nyasi kavu za jana, kisha akapewa konzi ndogo ya chakula kimoja tu, kisha tukangoja jua lipande, akatolewa damu tena. Sukari tuliisoma pale pale. Ya insulini iliwekwa katika barafu ikasafirishwa kwenye maabara Nairobi, majibu yakaja kwa simu. Pumba na molasi viliipandisha sukari kidogo, na insulini ikapanda kama maziwa yanayofurika sufuriani. Muwa vivyo hivyo. Ndizi mbivu vivyo hivyo. Kilichonishangaza ni majani mabichi, kwani majani ni majani, nilidhani. Kumbe yana sukari yake, nayo huzidi jua linapoyapiga kutwa. Ya alfajiri ni mapole, ya alasiri ni peremende. Nyasi kavu tulizoletewa kwa lori kutoka bara zilikuwa na utulivu, na zikilowekwa ndoo nzima ya maji kisha maji yakamwagwa, zikatulia zaidi. Nilijisikia kama niliyefunuliwa ulimwengu. Nilikuwa nimekula miaka yote hiyo bila kujua kwamba chakula, kikishamezwa, kina mwendo wake.

Siku moja daktari akakaa kwenye kizingiti cha Bi Saumu akinywa chai ya tangawizi, akauliza, "Hapa kwenu kuna kitu chochote cha kumshibisha, kisicho na sukari, chenye mafuta kidogo? Atakonda akose hata nguvu za kupona." Bi Saumu alikuwa akikamua tui. Akatazama yale machicha mkononi mwake, yale yanayobaki nazi ikishakamuliwa, ambayo sisi huwamwagia kuku. "Haya je?" Daktari akayachukua, akayanusa, akatia kidogo mdomoni akatafuna. "Tujaribu. Lakini yaanikwe, yakichacha ni shida." Tukaanika juu ya mkeka, Asumini akapewa, tukangoja, damu ikaenda Nairobi. Jibu lilipokuja daktari alinishika bega kwenye simu, yaani kama angekuwa karibu angenishika bega, nilimsikia akicheka. Insulini haikutikisika. Jioni ile Bi Saumu alinipikia wali wa nazi na kamba, akasema ni karamu ya machicha, na sote wawili tukala mpaka tukalegea.

Basi Asumini akaanza kupona. Ukingo wa shingo ukalainika. Akatembea mchangani hatua fupi fupi, kisha ndefu. Alfajiri nilimtoa kwenye majani kabla jua halijakaza, nikamrudisha, nikamlowekea nyasi, nikamtilia machicha. Nikawaomba watu wa harusi wasimletee kitu, wakaninunia, nikawaambia ni amri ya daktari, wakaninunia zaidi, lakini wakakoma. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuwa nayo tena, furaha ya kuamka unajua utafanya nini na kwa nini.

Kisha Ramadhani ikaandama, na katika wiki ya pili ya mfungo nikamkuta Asumini amesimama tena namna ile, miguu mbele, uzito nyuma. Joto la kwato liliniunguza kiganja. Nililia palepale. Daktari akaja, akachukua damu, na jibu la Nairobi likawa baya kuliko la kwanza. "Anakula kitu," akasema. "Sijui nini, sijui wapi, lakini inakula kitu tamu kila siku." Nikaapa hakuna. Nikaapa kwa kila kilicho kitakatifu, mbele ya Bwana Salim, na mpaka leo nikikumbuka kiapo kile uso hunipata joto, maana niliapia nisichokijua. Bwana Salim hakunikaripia. Alisema tu kwamba yeye ana moyo, naye hawezi kumtazama mnyama akisimama juu ya maumivu mwezi mzima. Tungoje Idd. Kama mpaka Idd hajasimama sawa, atamwita mwenye bunduki. Aliposema hivyo alikuwa akimkuna Asumini kipajini.

Nilianza kukagua. Nikapekua nyasi, nikanusa maji, nikachunguza ua kama pana mtoto anayepenyeza mkono. Alasiri moja, watu wakiwa katika pilikapilika za futari, niliingia bandani kumtia Asumini dawa, nikaweka uso wangu juu ya pua yake kama nilivyozoea. Pumzi yake ilinukia iliki. Nikapitisha kidole pembeni mwa midomo yake, kikatoka kinanata. Nikakinusa. Ilikuwa shira, ya kaimati za futari. Mara nikasikia hatua za kandambili, na Asumini akainua masikio, akalia kile kilio chake kidogo cha shukrani. Bi Saumu akaingia na sahani imefunikwa kawa.

Hakujaribu kuificha. Alinitazama, akaitazama sahani, akasema, "Mwanangu, funga mlango."

Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti, na siku ile nilimpandishia. Nikamuuliza kama anataka kumuua. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, sahani mapajani, akaeleza kwa utulivu wa mtu anayeamini ana haki. Ramadhani huletewa vitamu na kila nyumba: vibibi, kaimati, tende, mahamri, maandazi ya kunyunyiziwa sukari. Yeye hawezi kuvila. Kuvikataa ni kumtukana jirani. Kuvitupa ni dhambi, chakula hakitupwi. Kumpa mtu mwingine, mtu ana mdomo, atasema, na kesho mtaa mzima utajua Bi Saumu hali vitamu, na watauliza kwa nini. "Farasi hasemi," akaniambia. "Na daktari kasema kwa kinywa chake, mbele yako: sukari ya Asumini iko sawa, na insulini anayo tele. Mimi sina hata tone, nanunua. Nikaona Mungu amenipa mwenzangu. Nikamwambia, kula wewe uliyejaaliwa, insulini yako ivimeze kwa niaba yangu. Kosa langu liko wapi?"

Hasira ilinitoka yote kwa pamoja, ikabaki kazi ya kusema, nayo ilikuwa ngumu kuliko hasira. Nikapiga magoti mbele yake juu ya mchanga. Nikamwambia kwamba kwake insulini ni dawa kwa sababu ni haba. Kwa Asumini imezidi, na ikizidi ndiyo inayochoma kwato. Kila kaimati inaiita, nayo inakuja kwa wingi, sukari inaondoka, kipimo kinasoma vizuri, na miguu inaungua. "Sukari yako hukaa damuni ikakudhuru, Bi Saumu. Yake huondoka, na kinachoiondoa ndicho kinachomdhuru." Alisikiliza mpaka mwisho. Akainamisha kichwa akatazama kwato za Asumini, zile zilizotangulia mbele, kama anaziona leo. Kisha akaanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea kawa. "Yarabi," akasema. "Nimemlisha moto kwa mkono wangu." Asumini akanyoosha shingo akaitafuta sahani. Ilibidi niichukue na kuiweka juu ya boriti.

Nilitaka nimsaidie kuficha. Nilimwambia ataniletea mimi zile sahani, nitakula, nitazika, nitafanya lolote. Akatikisa kichwa. "Utakula Ramadhani ngapi? Na mimi nikisafiri, na wewe ukiolewa? Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na kifo chenyewe kimekosea mlango, kinataka kumchukua asiyehusika." Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya kupika futari ya msikiti, na wanawake walijaa uani kwake, kila mmoja juu ya mbuzi yake akikuna nazi na kukamua tui, vyuma vikikwaruza, porojo zikipaa. Nilikuwa nikipepeta mchele. Nikamwona Bi Saumu anaingia chumbani, anatoka na lile gudulia la mtungini. Akasimama katikati ya uwanja, mwanamke ambaye kaimati zake zilimlisha maisha yake yote, akalinyanyua.

"Jamani, nisameheni," akasema. "Mimi nina sukari. Najidunga hii asubuhi na jioni, miaka sasa. Mwezi huu sifungi, daktari wa hospitali kanikataza, natoa fidia. Vitamu mnavyoniletea sivili. Nilikuwa nampa Asumini, na ndivyo vinavyomuua. Sahani zenu nazitaka, msiache kuniletea. Lakini leteni machicha."

Mbuzi zote zilinyamaza. Niliogopa kunyanyua uso. Kisha Mama Zuhura, ambaye alikuwa na ulimi mkali kuliko wote na ambaye mwanawe aliolewa mwaka ule kwa kaimati za Bi Saumu, akasema, "Kumbe! Nami nikijiuliza kwa nini harusini kwetu kaimati zilizidi sukari. Mpishi alikuwa haonji!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bi Saumu alikuwa wa mwisho kucheka na wa mwisho kunyamaza. Mama Zuhura akainuka, akajipangusa machicha mikononi, akayazoa yaliyokuwa kwenye ungo wake yote, akamtilia katika sahani. "Haya, ya mwanzo hii," akasema. "Na vya kuonja, mimi nitakuonjea. Kazi yenyewe hiyo si ya kukataa." Hakuna harusi aliyoikosa Bi Saumu baada ya hapo. Mama Zuhura alikwenda naye kila mahali akionja shira na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Tangu siku ile, saa za futari, sahani zilimiminika. Machicha ya mtaa mzima yalikuja chini ya kawa, yamepambwa kama chakula cha mtu, na kwa kuwa sahani haiji na kitu kimoja, pembeni watu wakamwekea Bi Saumu chake: muhogo wa kuchoma, samaki, kunde za nazi, kaimati chache zisizochovywa. Watoto waliotumwa walipiga hodi wakisema, "Tumeleta sahani ya Asumini." Nilijaza mikeka ya kuanika mpaka juu ya mabati. Idd ilipofika, Bwana Salim alikuja kutoka kuswali akiwa na kanzu yake mpya, akasimama mlangoni mwa banda asitake kuingia. Nikamtoa Asumini taratibu. Alisimama juu ya miguu yake minne, uzito umegawanyika sawa, akachukua hatua, na nyingine, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni kwa Bi Saumu, akaingiza kichwa ndani. Bwana Salim aligeuka akajifuta uso kwa kilemba. Bi Saumu akampa machicha kiganjani. Miezi baadaye, kaskazi ikivuma, nilimpeleka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akakimbia juu ya mchanga uliolowa, nami juu yake nikipiga kelele za ovyo ovyo kwa raha.

Niliondoka mwaka ulipokwisha. Dakta Wairimu alinitafutia nafasi ya kusomea afya ya mifugo, na ndiyo iliyonipeleka Mackinnon Road, kwenye ng'ombe na mbuzi wa watu wa bara kame, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka. Asumini aliishi mpaka uzee, kwa machicha. Kila nililojua baadaye nililijengea juu ya mwaka ule, nami sikupata kuwashukuru ipasavyo. Daktari nilimwandikia mara moja, nikaona maneno yangu hayafiki. Bi Saumu nilikuwa nikimpigia simu, tukacheka, nikaahirisha safari. Mwaka jana kliniki ikaniambia nami nina sukari. Mtu wa kwanza niliyempigia ni yeye. "Karibu chamani," akaniambia. "Sasa usifanye ujinga wangu. Waambie watu." Nikawaambia. Nashukuru kwamba aliniwahi na neno hilo.

Usiku ule wa matanga hatukulala sana, na mchana wa hitima wakatandika mikeka uani, palipokuwa zamani mikeka ya machicha. Binti mmoja mwenye mtandio wa kijani alikuwa akipita na sinia. Nyuma yake mwenziwe alibeba vitamu: kaimati zinazometa shira, tende, visheti. Walipofika safu yangu, yule wa kijani akaita, kama mtu anayeuliza jambo la kila siku, "Hapa nani wa sahani ya Asumini?" Bibi mmoja mwisho wa mkeka akainua mkono. Mwanamume upande wa pili wa pazia akakohoa akasema, "Na huku mmoja." Nami nikainua wangu. Akaniwekea muhogo wa kuchoma, kipande cha samaki, na kaimati mbili kavu zisizochovywa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu Asumini ni nani?"

Akafikiri kidogo, sinia kiunoni. "Alikuwa bibi mmoja wa hapa hapa mtaani, wa zamani," akasema. "Alikuwa na sukari, nasikia, na mtu mwema sana. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin," nikasema, nikanawa mkono, nikala.